Parasetamoli, diklofenaki, tramadoli au mofini? Ulinganisho kwa mwanafunzi wa uuguzi

Saa nane usiku, wodi ya upasuaji ya wanaume. Mwanafunzi wa mwaka wa pili amesimama mbele ya meza yangu, faili kifuani. Mgonjwa wa kitanda namba tano, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri mchana, anaugulia maumivu. Daktari ameandika dawa tatu: parasetamoli kila baada ya saa nane, diklofenaki ya sindano "akihitaji", na tramadoli "akihitaji".

"Sista, nimpe ipi?"

"Ana pumu?"

Hakujua.

"Amekojoa tangu atoke chumba cha upasuaji?"

Hilo nalo hakujua. Nikamrudisha kitandani. Baada ya dakika kumi alirejea na habari ambayo haikuwa kwenye faili: mgonjwa amekojoa vizuri, ila chini ya mto ana kile kipulizio cha bluu cha pumu, na mwaka juzi alimeza diklopa (diklofenaki hiyohiyo) ya dukani kwa ajili ya jino, kifua kikambana mpaka akalazwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sindano ya diklofenaki ilikuwa tayari kwenye trei, dawa imeshavutwa.

Nimekaa na wanafunzi miaka mingi na nimeona wanavyozipanga dawa za maumivu kwa woga. Mofini wanaiogopa kama simba. Tramadoli wanaiheshimu kidogo. Diklofenaki wanaichoma bila kuwaza mara mbili, na parasetamoli wanaiona karibu na peremende. Sasa zipange kwa swali jingine: ikimharibikia mgonjwa, mimi nitaweza kufanya nini? Mpangilio unageuka. Mofini ina kiuasumu kinachofanya kazi ndani ya dakika mbili. Diklofenaki haina kabisa. Ya parasetamoli ipo, tena nzuri, ila inatakiwa itolewe wakati mgonjwa bado anatembea na kucheka.

## Vigezo nilivyotumia

Kila dawa nitaipitisha kwenye maswali yaleyale. Inafaa maumivu ya aina gani na makali kiasi gani? Madhara yake ni yapi, hasa lile linaloua, na huanza kuonekana vipi? Kiuasumu kipo, na kama kipo kinadumu muda gani? Inamfaa nani na nani akae nayo mbali? Ndani ya swali hilo la mwisho mna viungo vitano vya kukagua kabla hujagusa ampuli: ini, figo, tumbo, kifua na mfuko wa uzazi.

Neno moja kuhusu viuasumu, au antidoti kama tunavyosema wodini. Wanafunzi huvikariri kwa jozi: heparini na protamini, wafarini na vitamini K, magnesiamu salfeti na kalsiamu glukoneti, diazepamu na flumazenili. Jozi hizo zitakupa alama kwenye mtihani. Shida ni kwamba jozi haisemi saa. Haikwambii kiuasumu kinaisha lini mwilini, wala kama kitaisha kabla ya sumu yenyewe. Kwenye dawa za maumivu, saa ndiyo kila kitu.

Dozi nitakazotaja ni za mtu mzima isipokuwa niseme vinginevyo, na mwongozo wa kituo chako ndio unaoshika. Kuandika dawa ni kazi ya daktari au tabibu. Kazi yako ni kuijua, kuihoji, na kuizuia mkononi ukapiga simu pale mwili wa mgonjwa unapokataa kilichoandikwa. Mipaka hiyo si ileile kila mahali: Uganda, kwa mfano, tangu 2004 imeruhusu wauguzi waliosomea huduma shufaa kuandika mofini.

## Parasetamoli

Kazi yake. Maumivu madogo hadi ya kati, na homa. Miligramu 500 hadi gramu 1 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Haipunguzi sana uvimbe, kwa hiyo goti lililovimba litaendelea kulalamika. Lakini ikitolewa kwa ratiba, bila kusubiri mgonjwa alie, hupunguza kiasi cha dawa kali atakachohitaji. Ndiyo maana utaikuta imeandikwa pamoja na nyingine tatu zote. Wanafunzi hudhani daktari amejisahau, kumbe ndiyo msingi wenyewe.

Madhara. Kwa dozi sahihi ni machache mno. Ya mshipa ikimwagwa haraka huweza kushusha presha. Chupa ya gramu 1 iende kwa dakika 15. Madhara makubwa huja dozi inapozidi, na mara nyingi huzidi bila mtu kukusudia. Mama amempa mtoto sharubati nyumbani, akaongeza dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani, akafika kituoni nasi tukaongeza. Na sharubati zenyewe hazilingani: iko yenye miligramu 120 katika mililita 5, na iko yenye 250. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Kijiko kimoja cha chupa ya kwanza kinamtosha, kijiko kilekile cha chupa ya pili kimemzidishia. Soma lebo, usisome rangi ya boksi.

Na angalia ulimi wako. Ukimwambia mama "mpe kila saa sita", wapo watakaompa mtoto saa sita mchana na saa sita usiku, basi. Sema "kila baada ya saa sita", kisha mwambie aanze saa ngapi na afuate saa ngapi.

Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa kemikali yenye sumu, na kwa kawaida huizima palepale kwa akiba yake ya glutathioni. Dozi ikizidi, akiba inakwisha na kemikali ile inaanza kula seli za ini. Mlevi wa kila siku, mtu aliyekonda kwa njaa na mtoto mwenye utapiamlo wana akiba ndogo tangu mwanzo.

Kiuasumu. Asetilisisteini, ambayo hulirudishia ini akiba yake. Ukiifungua utaijua kwa harufu ya yai viza. Ya kunywa huanza na miligramu 140 kwa kilo, kisha 70 kwa kilo kila baada ya saa 4 mara 17. Ya mshipa, kwa utaratibu uliozoeleka, hukamilika kwa saa 21. Wakati ya mshipa inaingia, mgonjwa anaweza kuwashwa, kuiva uso au kubanwa kifua. Simamisha, mwite daktari, mpe dawa ya mzio aliyoagiza. Mara nyingi dripu huendelea tena polepole. Mgonjwa akifika ndani ya saa moja au mbili tangu ameze, mkaa wa dawa husaidia kuzuia kisichofyonzwa bado.

Hapa ndipo pa kukaa. Msichana wa miaka 17 ameletwa na shangazi yake. Amemeza vidonge 30 vya Panadol baada ya ugomvi, saa tano zilizopita. Hesabu: 30 mara miligramu 500 ni gramu 15, na gramu 10 kwa mkupuo tayari ni jambo la kukimbiza. Amekaa kwenye benchi, ametapika mara moja, presha nzuri, anaona aibu, anataka kurudi nyumbani. Shangazi naye anasema, "Mbona amepona?" Saa 24 za kwanza ndivyo zilivyo. Siku ya pili huanza maumivu chini ya mbavu za kulia na vimeng'enya vya ini kupanda. Siku ya tatu na ya nne ndipo macho huwa manjano, fahamu hupotea na damu hukataa kuganda. Asetilisisteini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Baadaye bado hutolewa, lakini nguvu ya kuokoa imepungua. Yule wa kwenye benchi amebakiwa na saa tatu, na kituo chako hakina dawa. Basi rufaa yake ni ya dharura sawasawa na ya mama anayetoka damu, ingawa anatembea mwenyewe kuelekea kwenye gari.

Inamfaa nani. Karibu wote: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbovu, mtoto, mzee. Wagonjwa wengi wa pumu pia huivumilia. Mwenye ini bovu huipata kwa dozi iliyopunguzwa na daktari.

## Diklofenaki

Kazi yake. Maumivu ya kati yanayotokana na uvimbe: jino, kiungo, misuli, mvunjiko, kidonda cha upasuaji, hedhi. Kwa maumivu ya jiwe la figo ni kiboko. Ibuprofeni ni ndugu yake, na karibu yote nitakayosema hapa yanaihusu. Kidonge cha miligramu 50, au sindano ya 75 ndani kabisa ya msuli. Jumla isizidi 150 kwa siku, ukihesabu vidonge, sindano na vile vya kuweka njia ya haja kubwa kwa pamoja. Sindano haitakiwi kupita siku mbili.

Katika kazi yake niliyoitaja, haina aibu mbele ya yeyote. Mgonjwa wa jiwe la figo aliyekuwa akijiviringisha sakafuni utamkuta nusu saa baadaye ameketi anaomba chai.

Madhara. Huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na prostaglandini zina kazi nyingi zaidi ya kuleta maumivu. Zinalinda ukuta wa tumbo: zikizuiwa, vidonda na kutapika damu. Zinafungua mishipa ya kuingiza damu kwenye figo: zikizuiwa kwa mtu aliyeishiwa maji, figo inanyauka. Kwa baadhi ya wenye pumu, kifua hufunga. Presha hupanda, moyo dhaifu hulemewa. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito hufunga mapema mshipa wa damu ambao mtoto anauhitaji akiwa tumboni, na hata kabla ya hapo, kuanzia wiki ya 20, inaweza kupunguza maji ya uzazi.

Mkono wa mchomaji nao una madhara yake. Robo ya juu ya nje ya kitako, au ubavuni mwa nyonga. Ukikosea, unagusa mshipa wa fahamu na mgonjwa anaondoka akiburuta mguu. Nimewahi kumwona.

Kiuasumu. Hakuna. Mkaa wa dawa kama amemeza ndani ya saa moja, maji ya mshipa, dawa ya kupunguza asidi, damu ikibidi, na kusubiri. Hata mashine ya kusafisha damu haiwezi kuitoa kwa sababu imejishikiza kwenye protini.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi alikuja mzee wa presha. Kila asubuhi anakunywa enalaprili na dawa ya kukojoza. Siku mbili alikuwa ameharisha, na alichokuja nacho ni mgongo. Akachomwa diklopa, akapewa na vidonge vya kwenda navyo. Siku ya nne alirudi miguu imejaa, mkojo umekuwa kikombe cha kahawa kwa siku. Dawa ya presha aliyotumia, dawa ya kukojoza na diklofenaki, zikikutana kwenye mwili uliokauka, ni mitego mitatu kwenye figo moja. Mimi ndiye niliyechoma ile sindano. Karatasi yake ya kliniki ya presha ilikuwa kwenye mfuko wa shati, sikuiomba.

Inamfaa nani. Kijana au mtu mzima mwenye figo nzima, aliyenywa maji, asiye na vidonda vya tumbo wala pumu inayochokozwa na dawa hizi, si mjamzito, hatumii wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, kama hatoki damu na figo zake hazijaguswa na kifafa cha mimba, huipata vizuri na kunyonyesha hakumzuii. Mwenye homa isiyojulikana wakati wa mlipuko wa dengi akae nayo mbali. Dar es Salaam iliona milipuko hiyo 2014 na 2019, na dengi na diklofenaki wote wawili huvuruga uwezo wa damu kuganda.

## Tramadoli

Kazi yake. Maumivu ya kati hadi makali kiasi. Miligramu 50 hadi 100 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi 400 kwa siku. Kwa mzee wa zaidi ya miaka 75 mwisho ni 300. Ya mshipa iingie polepole, dakika mbili hadi tatu, la sivyo utapata matapishi kwenye sare yako.

Madhara. Kichefuchefu, kizunguzungu, kufunga choo, jasho. Watu huiona kama mofini iliyopunguzwa maji, na hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa tramadoli ina mikono miwili. Mmoja hushika vipokezi vilevile vya mofini. Mwingine huongeza serotonini na noradrenalini kwenye ubongo. Mkono huu wa pili ndio unaoleta degedege, hata kwa mtu asiye na historia ya kifafa ikiwa dozi imezidi. Ukimchanganyia na amitriptilini au fluoxetini, ambazo ni dawa za sonona, au linezolidi, ambayo ni antibiotiki, serotonini inaweza kufurika: mgonjwa anatetemeka, anatokwa jasho, joto linapanda, misuli inakakamaa. Wodini kwetu amitriptilini ni ya kawaida kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo mchanganyiko huo si hadithi ya kitabuni.

Jambo la pili ni ini. Tramadoli yenyewe ni dhaifu. Ini huigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Wapo ambao ini lao huigeuza haraka mno, nao dozi ya kawaida huwalewesha; tabia hiyo imeonekana kwa watu wengi zaidi Ethiopia na pande zile za Afrika. Wapo ambao haiwageukii kabisa, nao watakwambia "hii dawa maji". Usimwite muongo. Kwa sababu hiyohiyo, Marekani ilipiga marufuku 2017 matumizi yake kwa watoto chini ya miaka 12 na kuonya dhidi ya kuwapa wanaonyonyesha.

Uraibu upo pia, na mtaani dawa hii imezoeleka kuliko mofini.

Kiuasumu. Nusu. Naloksoni, kiuasumu cha mofini, hufungua ule mkono wa kwanza: pumzi zitarudi. Mkono wa pili haiugusi, na inaweza kuchokoza degedege. Kwa degedege daktari ataagiza diazepamu, nayo inashusha pumzi, kwa hiyo mfuko wa Ambu, ule wa kumpulizia hewa, uwe umeunganishwa tayari kabla hujavuta dawa. Kati ya dawa nne hizi, ni hii ambayo usingependa kumwokoa mtu ukiwa peke yako.

Inamfaa nani. Mtu mzima ambaye parasetamoli haimtoshi na diklofenaki imekatazwa, asiye na kifafa, asiye na jeraha la kichwa, asiyetumia dawa za sonona. Mwenye figo mbovu sana hupewa kila baada ya saa 12, isizidi 200 kwa siku.

## Mofini

Kazi yake. Maumivu makali: saratani, kuungua, mvunjiko mkubwa, baada ya upasuaji mkubwa, sikoseli iliyochachamaa. Ya mshipa hutolewa kidogokidogo, miligramu 2 hadi 5, unasubiri, unapima maumivu kwa 0 hadi 10, unaongeza. Ya kunywa, kwa anayeanza, 5 hadi 10 kila baada ya saa 4. Ikimezwa, sehemu kubwa huishia kwenye ini, kwa hiyo miligramu 30 za kunywa hulingana na kama 10 za mshipa. Mwanafunzi anayetoka ya kunywa kwenda ya mshipa bila kubadilisha dozi amezidisha mara tatu. Soma njia kwanza, kisha namba.

Haina dari kama parasetamoli. Mgonjwa wa saratani anaweza kufika dozi inayokutisha na bado akawa macho anasimulia habari za shamba lake, kwa sababu mwili umezoea.

Madhara. Usingizi, kichefuchefu cha siku za mwanzo, muwasho, mkojo kugoma, mboni kuwa kama ncha ya pini. Choo hufunga, na hilo mwili hauzoei kamwe: dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Linaloua ni pumzi kushuka. Jambo ambalo vitabu hulisema kwa sauti ndogo ni kwamba usingizi mzito hutangulia. Mgonjwa anayesinzia katikati ya sentensi amekwisha kukuonya kabla ya kipima oksijeni. Chenyewe kitaendelea kuonyesha 97 kwa muda mrefu ikiwa amewekewa oksijeni.

Kwenye figo mbovu mabaki yake hujikusanya na kumlewesha polepole. Petidini, ndugu ya mofini ambayo bado utaikuta kwenye vyumba vya kujifungulia, ina mabaki mabaya zaidi: huleta degedege, na naloksoni haiyazuii.

Kiuasumu. Naloksoni. Nitakuonyesha kwa mikono maana hili ndilo linalofundishwa vibaya. Ampuli moja ina miligramu 0.4 katika mililita 1. Chukua bomba la mililita 10, vuta ampuli hiyo, jaza maji ya chumvi mpaka 10. Sasa kila mililita ina 0.04. Sukuma mililita moja au mbili, huku mwenzako akimpulizia kwa Ambu, subiri dakika mbili, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Si nusu dakika mara mbili. Pumzi za mofini hazina mpangilio. Zikiwa chini ya 8, sukuma tena. Unachotafuta ni pumzi. Si lazima aamke akusalimie. Ukimimina ampuli nzima kwa mgonjwa wa saratani, maumivu yote ya wiki yatamrudia kwa dakika moja, atatetemeka, atatapika, na familia haitakusahau. Aliyeacha kupumua kabisa ni habari nyingine: huyo hapewi kwa kudondosha.

Kisha ile saa niliyoisema. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90. Mofini ya sindano hudumu saa 3 hadi 5. Mgonjwa aliyezinduka saa tatu usiku anaweza kuzama tena saa nne, wewe ukiwa unaandika ripoti kwa furaha. Vuta stuli, kaa naye.

Inamfaa nani. Mwenye maumivu makali popote penye muuguzi wa kuhesabu pumzi. Mwenye shambulio la pumu linaloendelea, jeraha la kichwa lisilochunguzwa au figo zilizofeli asipewe mpaka daktari mwenyewe aamue. Usimamizi wake ni mzito: kabati la DDA (la dawa zinazodhibitiwa kisheria), funguo, daftari, saini mbili. Wodi nyingine huikwepa kwa ajili ya daftari tu, na mgonjwa analipia.

## Kwa hali unayoikuta

Aliyetoka upasuaji mkubwa: parasetamoli kwa ratiba ndiyo sakafu. Juu yake diklofenaki, kama vile viungo vitano vimeruhusu. Mofini kidogokidogo kwa saa za mwanzo. Kwa upasuaji mdogo, mbili za kwanza mara nyingi zinatosha.

Mtoto chini ya miaka 12: parasetamoli, au ibuprofeni kama amepita miezi mitatu na hajaishiwa maji. Akizidiwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012, ulioondolewa 2019, uliruka ngazi ya katikati, ile ya dawa kama tramadoli, na kwenda moja kwa moja kwenye mofini, kwa dozi ya uzito wake. Wauguzi wengi hushtuka hapa, wakaomba tramadoli kwa kudhani ndiyo ya huruma.

Sikoseli: usimwambie avumilie kwa kuwa "amezoea". Mofini mapema, parasetamoli, maji. Diklofenaki baada tu ya kujua hali ya figo, maana ugonjwa huo huzila figo taratibu.

Mjamzito wa miezi ya mwisho anayeumwa mgongo: parasetamoli, na pima presha kabla hajaondoka. Anayenyonyesha: parasetamoli na ibuprofeni. Akihitaji mofini kwa siku chache, mwangalie na mtoto, kama ananyonya na kuamka vizuri.

Mzee mwenye dawa nyingi: omba mfuko wake wa dawa umwage mezani. Parasetamoli kwanza. Ikibidi kupanda, dozi ndogo ya mofini yenye macho ya kuihesabu huwa na mshangao mdogo kuliko tramadoli juu ya amitriptilini, au diklofenaki juu ya enalaprili.

Aliyegongwa kichwa: parasetamoli, na usiguse kitu kitakachobadilisha mboni au fahamu zake mpaka daktari amalize kumchunguza.

Saratani nyumbani: mofini ya maji kwa saa maalumu, isisubiri maumivu, na ya kulainisha choo pembeni. Mfundishe binti au mkwe atakayeshika chupa, si mgonjwa peke yake, na mwonyeshe kwa bomba lenye alama badala ya kijiko cha chai.

Zamu ya usiku, uko na mwenzako mmoja, wagonjwa 40, na kwenye trei ya dharura naloksoni imeisha: hilo lisemwe kwenye kukabidhiana zamu, kabla ya dozi ya kwanza ya mofini. Pigia famasia, azima wodi ya wazazi, na mlaze anayepewa mofini kitanda kilicho mbele ya meza yako.

Yule wa kitanda cha tano alipata parasetamoli yake na tramadoli miligramu 50, baada ya mwanafunzi kurudi mara ya tatu kumuuliza kama ana kifafa. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa amelala, pumzi 16. Jalada la faili lilikuwa na maandishi mekundu makubwa: PUMU, DIKLOFENAKI ISITUMIKE. Ile sindano iliyokwisha kuvutwa tuliimwaga wote wawili tukitazama.